Guka Si Mkaidi, Ana Hesabu Zake

Umetoka Nairobi Ijumaa, umefika ushago Othaya au Mukurweini, na simu yako imejaa video za kilimo cha kisasa. Asubuhi unamwambia guka ang'oe kahawa yake ya SL28 apande Batian. Anamaliza chai, anaenda kukatia ng'ombe majani. Wewe unabaki ukisema wazee hawafunziki.

Hapo umeruka hatua. Nyeri haina ukame wa mafunzo. Kuna kituo cha Wambugu, kuna maonyesho ya Kabiru-ini, kuna maafisa wa nyanjani walio chini ya kaunti tangu 2013. Swali ni hili: mbona majirani wawili huketi semina moja, mmoja akapanda miche wiki hiyo na mwingine akafunga daftari?

Mwaka 1962, msomi Mmarekani Everett Rogers aliwapanga watu kwa kasi yao ya kupokea jambo jipya. Asilimia 2.5 hutangulia, asilimia 16 huja mkia, na wengi wako katikati wakichungulia kwa jirani. Hawa wote unawajua. Kuna mpenda kujaribu, wa kwanza kwa kila semina, lakini huachia mambo njiani. Kuna mwangalifu anayepima mbolea na kuandika kila shilingi. Kuna mchangamfu: mfunze yeye Jumatatu, kufikia Jumatano foleni nzima ya kiwanda cha kahawa imesikia. Halafu kuna mwenye wasiwasi, ambaye huona hasara kabla ya faida.

Wasiwasi huo usiudharau. Ni kweli Batian, iliyotolewa 2010, hustahimili kutu ya majani na ugonjwa unaoozesha matunda, kwa hivyo gharama ya dawa hupungua. Lakini ukikata mti unaozaa, utakaa msimu na zaidi bila pesa yake, na karo haingoji. Isitoshe, guka aliona bei ikiporomoka mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika 1989. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona kamba hushtuka.

Sasa ufanye nini? Shule za wakulima shambani, zilizoanzia Indonesia 1989 kwa mpunga kabla ya kufika Kenya, zina jibu zuri. Kikundi hukutana shambani mara kwa mara, hulinganisha sehemu mbili, ya zamani na mpya, kisha watu wanajiamulia. Mwenye wasiwasi anaona kwa macho yake bila kuhatarisha shamba. Mwangalifu anapata namba. Mchangamfu anapata hadithi ya kusambaza.

Nyumbani fanya hivyo hivyo. Omba miti kumi tu. Tena si lazima kung'oa: shina kuukuu linaweza kukatwa na kuunganishwa na kikonyo cha aina mpya, mizizi ikabaki ile ile.

Lakini tusifiche kila kitu nyuma ya tabia. Mama anayelima shamba lisilo na jina lake kwenye hatimiliki anaweza kuwa jasiri kuliko wote, na bado asiguse hata mti mmoja bila ruhusa. Kijana aliyepewa kona ya kulima "kwa sasa" pia hatapanda kitu cha miaka thelathini. Hao hawahitaji semina nyingine. Wanahitaji kikao cha familia kuhusu ardhi, na pengine wewe ndiwe wa kukiitisha.