Mpotea Njia: Maana ya Ndege wa Nadra Wanaoonekana Mwishoni mwa Majira ya Baridi

Utangulizi

Kila mwaka, kati ya Februari na Aprili, wapenzi wa ndege wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini hudamka wakaelekea mabwawani, ufuoni na mashambani, darubini shingoni. Aghalabu huwa wamepata habari kwamba ndege ambaye hakutarajiwa katika mazingira hayo ameonekana. Yamkini msomaji akadhani kuwa huu ni mchezo tu wa watu wenye nafasi. Hata hivyo, ndege mmoja aliyeonekana mahali pasipo pake huweza kuwa dalili ya mabadiliko makubwa, na dalili hiyo hupotea iwapo habari zake zimeandikwa vibaya. Makala haya yanalenga kufafanua ndege wa nadra ni yupi, kwa nini huonekana kipindi hicho, habari zake huthibitishwaje, na ni tahadhari gani za kilugha anazopaswa kuchukua anayeandika kumhusu kwa Kiswahili.

Suala la Majira

Tatizo la kwanza ni la tafsiri. Nchi za kaskazini zina majira manne, na ni desturi kuyataja kwa maneno ya kipupwe, masika, kiangazi na vuli. Maneno haya yalizaliwa katika mazingira ya Afrika Mashariki, na kila moja lina wakati wake. Kwa Mswahili wa pwani, kipupwe ni baridi ya kati ya Juni na Agosti, ilhali masika ni mvua kubwa za Machi hadi Mei. Februari ni wakati wa kiangazi, upepo wa kaskazi ukivuma.

Basi, anayeandika kuwa ndege fulani alionekana Marekani “mwishoni mwa kipupwe” anaweza kueleweka na msomaji wa Lamu kuwa anazungumzia Agosti. Kosa la miezi sita si dogo katika taaluma ambayo tarehe ndiyo msingi wa ushahidi. Kwa sababu hiyo, ni afadhali kusema “majira ya baridi” na “majira ya machipuko”, kisha kutaja mwezi wenyewe bayana.

Ndege wa Nadra ni Yupi?

Unadra ni wa aina mbili. Kuna ndege ambaye ni nadra kwa kuwa idadi yake duniani ni ndogo, na kuna yule ambaye ni nadra kwa mahali alipoonekana tu. Mfano mwafaka wa aina ya pili ni hudihudi, ndege anayefahamika na Waswahili wengi kupitia kisa cha Nabii Suleiman na Malkia wa Sheba. Hudihudi si nadra Afrika wala kusini mwa Ulaya. Nchini Uingereza, kinyume chake, kumwona ni bahati, na wengi wa wanaoonekana huko hufika katika majira ya machipuko, kuanzia Machi.

Ndege huyu wa pili ameitwa kwa majina tofauti. Wapo wamwitao “ndege mpotevu”, lakini neno hilo lina kivuli cha lawama, kwani humkumbusha msikilizaji mwana mpotevu. Ndege hana hatia. “Mpotea njia” ni istilahi inayofaa zaidi, maadamu inaeleza tukio bila kumhukumu mhusika. Isitoshe, wahenga walikwisha kunena kuwa kupotea njia ndiko kujua njia, na kama itakavyobainika, methali hii ina ukweli hata katika maisha ya ndege.

Sababu za Kuonekana kwao

Sababu ya kwanza ni baridi yenyewe. Maziwa yanapoganda, ndege wa majini hukosa chakula na hulazimika kuhama. Mapema Machi 2014, barafu ilifunika zaidi ya asilimia 90 ya eneo la Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini. Bata na ndege wengine wa majini ambao kwa kawaida hukaa katika maziwa hayo walionekana kwenye mito ya bara isiyowazoea. Majira hayo hayo ya baridi, bundi weupe wa eneo la Aktiki walienea kusini kwa wingi usio wa kawaida, na mmoja wao akafika Florida.

Sababu ya pili ni kupitiliza. Ndege wanaorudi kutoka Afrika kwenda kuzaliana kusini mwa Ulaya husukumwa na upepo wa nyuma na anga angavu, wakapita kikomo cha safari yao. Hivyo ndivyo hudihudi afikavyo Uingereza. Sababu nyingine ni dhoruba, pamoja na hitilafu katika uwezo wa ndege wa kutambua mwelekeo, hasa ndege mchanga anayesafiri kwa mara ya kwanza.

Mifano Miwili ya Marekani

Mfano mashuhuri wa miaka ya karibuni ni wa tai wa bahari wa Steller, ambaye kwa jina la kisayansi ni Haliaeetus pelagicus. Tai huyu, jamaa wa furukombe wa maziwa yetu, huzaliana mashariki ya mbali ya Urusi, na wengi wao hupitisha majira ya baridi Japani. Upana wa mabawa yake hukaribia mita 2.4, na jike mkubwa huweza kufikia kilo 9. Mwaka 2020 mmoja alionekana bara katika Alaska. Machi 2021 tai wa aina hiyo akaonekana Texas, kisha mashariki mwa Kanada, na Desemba mwaka huo Massachusetts na Maine. Alibaki Maine hadi Machi 2022, na Februari 2023 akaonekana tena huko huko. Wataalamu walilinganisha picha za alama nyeupe mabawani wakahitimisha kuwa tai aliyeonekana sehemu hizo za mashariki alikuwa yule yule mmoja. Alikuwa mbali na wenzake kwa maelfu ya kilomita, lakini baridi na samaki wa pwani ile havikuwa vigeni kwake. Ndiyo maana aliishi.

Mfano wa pili una huzuni. Mwewe mkubwa mweusi, Buteogallus urubitinga, ni mkazi wa nchi za joto kuanzia Meksiko hadi Amerika ya Kusini. Aprili 2018 mmoja alionekana Texas, na Agosti mwewe huyo huyo akatambuliwa Maine. Watu walimiminika katika bustani moja ya mji wa Portland kumtazama. Januari 2019 alipatikana ameanguka thelujini, miguu imeungua kwa baridi. Alipelekwa kutibiwa, lakini miguu haikuweza kuokolewa, na tarehe 31 Januari akakatishwa uhai ili asiendelee kuteseka. Tukio lililowafurahisha watazamaji lilikuwa kwa ndege mwenyewe suala la kufa au kupona. Hivyo, anayemkaribia mpotea njia ili apate picha nzuri na kumfanya aruke ovyo humpotezea nguvu anazozihitaji ili aione kesho.

Uthibitishaji

Si kila anayesema ameona ameona. Kati ya 1892 na 1930, ndege wengi wa ajabu waliripotiwa kupatikana katika eneo la Hastings, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1962 jarida la British Birds lilichapisha uchunguzi, ukiwemo wa kitakwimu, ulioonyesha kuwa rekodi hizo hazikuaminika. Ilishukiwa kuwa ndege waliokufa waliletwa kutoka ng’ambo na kuuzwa kwa wakusanyaji kana kwamba walipatikana pale. Mamia ya rekodi yalitupwa. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1959, Uingereza ilikuwa imeunda kamati ya kuchunguza ripoti za ndege wa nadra, na nchi nyingi zina kamati za namna hiyo. Shahidi hutakiwa kueleza umbo, rangi, sauti, mahali, saa na tarehe, na picha ikiwapo huambatanishwa. Kinachodaiwa hapa ni lugha fasaha na aminifu: kueleza kilichoonekana, si kilichotamaniwa.

Hitimisho

Thamani ya kumbukumbu hizi hudhihirika katika historia ya yangeyange, ndege mweupe afuataye ng’ombe malishoni. Asili yake ni nchi za Dunia ya Kale, Afrika ikiwemo. Mwishoni mwa karne ya 19 wachache walionekana kaskazini mashariki mwa Amerika ya Kusini, baada ya kuvuka Atlantiki. Aprili 1952, mapema katika majira ya machipuko, mmoja alipatikana Massachusetts, na watu wakamshangaa. Mwaka uliofuata ilithibitika kuwa yangeyange wanazaliana Florida. Leo ni ndege wa kawaida katika sehemu kubwa ya Amerika.

Mwewe wa Portland alipotea akafa. Yangeyange alipotea akapata makao. Aliyesimama ufuoni siku ya kwanza hawezi kujua ni hadithi ipi inayoanza mbele ya macho yake. Awezalo ni kuandika kwa usahihi, kwa majina yanayofaa na tarehe zisizopotosha. Lugha ya Kiswahili ina hudihudi, furukombe, yangeyange na mamia ya majina mengine ambayo vijana wengi hawayatambui tena wanapomwona ndege mwenyewe. Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuyakusanya na kuyatumia, kwani asiyelijua jina la ndege wa nyumbani atamtambuaje mgeni?