Rangi ya Mlezi Ndiyo Kipimo cha Mchumba

Chura tunamjua zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Hata methali yetu kuhusu kelele za chura na ng'ombe anywaye maji haisemi lolote juu ya rangi yake. Na vyura wengi ndivyo walivyo: dume huita usiku, jike huifuata sauti gizani. Lakini wapo vyura watembeao mchana, na kwa baadhi yao jicho lina kazi kubwa katika kuchagua mwenzi.

Mmojawapo ni chura wa misitu ya Nicaragua, Costa Rica na Panama, ambaye wataalamu humwita Oophaga pumilio. Urefu wake ni kama sentimita 2 tu, lakini ngozi yake ina sumu aipatayo kwa kula sisimizi na utitiri, na rangi yake kali huwaonya adui wasimguse. Katika visiwa vya Bocas del Toro, huko Panama, rangi hiyo hubadilika toka mahali hadi mahali: hapa nyekundu, pale buluu, kwingine kijani. Hata hivyo wote ni wa aina moja, na waweza kuzaana.

Waweza, lakini kwa kawaida jike humpenda dume wa rangi yake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1999, majike wa kijani na wa rangi ya machungwa waliwekwa mbele ya madume wa rangi zote mbili. Penye mwanga mweupe walielekea kwa wenye rangi yao. Penye mwanga wa buluu, ambao hufanya rangi hizo zisipambanuke, upendeleo ukatoweka. Ikadhihirika kuwa ni macho yachaguayo.

Je, upendeleo huo huzaliwa nao, au hufunzwa? Tazama malezi yao. Mayai yakisha kuanguliwa, mama humbeba kiluwiluwi mgongoni hadi kwenye maji yaliyotuama kati ya majani ya mimea ya jamii ya mnanasi. Kisha, kwa majuma kadhaa, humrudia kila baada ya siku chache na kumtagia mayai yasiyo na mbegu ya dume, yawe chakula chake.

Mwaka 2019 Yusan Yang, Maria Servedio na Corinne Richards-Zawacki walitoa jibu katika jarida la Nature. Baadhi ya watoto walilelewa na wazazi wa kambo wenye rangi nyingine. Walipokua, majike waliwapendelea madume wenye rangi ya mama aliyewalea, si ya aliyewazaa. Madume nao waliwashambulia zaidi wapinzani wenye rangi ya mlezi wao.

Jambo hili si dogo. Iwapo kila rangi itaendelea kuoana na wenzake tu, kizazi baada ya kizazi, jamaa moja yaweza hatimaye kugawanyika ikawa aina mbili zisizozaana tena. Na chanzo cha utengano huo si lazima kiwe bahari wala mlima. Chaweza kuwa kile mtoto alichokizoea alipokuwa akilishwa.

Wahenga walinena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Binadamu si chura, naye amejaliwa akili ya kupima alichofunzwa. Lakini yafaa wazazi tukumbuke kwamba chuki au upendeleo tudhanio umo katika damu, huenda mtoto aliuokota nyumbani, akitutazama.