Kinywe cha Ruangwa na Betri ya Ndege Ndogo

Wazee huiita penseli kalamu ya risasi, lakini ndani yake hamna risasi hata kidogo. Kitu kile cheusi ni kinywe kilichochanganywa na udongo. Kinywe ni madini yaliyo kama kurasa nyembamba mno, zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mtu aandikapo, kurasa hizo huteleza na kubaki juu ya karatasi. Katika wilaya ya Ruangwa kinywe kimo ardhini kwa wingi, na wachimbaji wametoka mbali kukitafuta, si kwa ajili ya penseli, bali kwa ajili ya betri.

Betri za lithiamu ndizo ziendeshazo simu. Zile zilizofungwa katika mfuko laini hupendwa na watengenezaji wa ndege ndogo zisizo na rubani, maana ni nyepesi na zina nguvu nyingi. Betri itiwapo umeme, chembe za lithiamu hutoka upande mmoja, huingia kati ya kurasa za kinywe na kukaa humo. Itumiwapo, hurudi zilikotoka. Aliyeonyesha mwaka 1980 ya kwamba lithiamu yaweza kuingia katika kinywe kwa nguvu za umeme na kutoka tena ni Rachid Yazami, Mwafrika wa mji wa Fes, Moroko, aliyekuwa akifanya kazi Grenoble, Ufaransa.

Basi mwendo wa kuchaji una sababu yake. Wakati wa korosho, wakulima wa Nachingwea huleta magunia katika ghala la chama cha msingi, na kila gunia hupimwa kabla ya kuingizwa. Magunia yakija kwa taratibu, yote huingia. Yakija mia kwa mara moja, hurundikana mlangoni. Ndivyo ilivyo lithiamu. Umeme ukitiwa kwa kasi mno, chembe hukosa nafasi ya kuingia, huganda juu ya kinywe, na huweza kuota miiba midogo. Mwiba ukitoboa utando utenganishao pande mbili za betri, umeme hupita njia ya mkato. Betri hupata joto, huvimba, na huweza kulipuka moto usiozimika kwa urahisi.

Kipimo cha salama si kigumu. Betri iliyoandikwa mAh 2200 hutiwa ampea 2.2, iliyoandikwa mAh 1500 hutiwa ampea 1.5. Kwa kipimo hicho hujaa kwa muda wa saa moja na zaidi kidogo. Namba kubwa yenye herufi C, kama 30C, huwadanganya wengi. Hiyo ni kasi ya kutoa umeme wakati wa kuruka, wala si ya kuchaji.

Kisha ni chaja yenyewe. Seli moja haipaswi kupita volti 4.2, kwa hiyo betri ya seli tatu hujaa kwa volti 12.6. Chaja ya lithiamu ikifika hapo hupunguza umeme yenyewe, na kwa nyaya nyembamba za pembeni husawazisha seli zote. Kwa betri ile ya mAh 2200 itahitaji kutoa wati 28 hivi. Ya wati 50 yatosha sana.

Hatari iliyo karibu zaidi ni chaja ya betri ya pikipiki. Imeandikwa volti 12, na betri ya ndege imeandikwa 11.1, mtu akadhani zinalingana. Lakini betri ya pikipiki ndiyo yenye risasi ya kweli, na chaja yake huweza kupanda hata volti 14.4. Zigawe kwa tatu: kila seli itapata 4.8. Hapo moto hauko mbali.

Hata hivyo betri ya risasi yaweza kusaidia. Mahali pasipo na nyaya za umeme, paneli ya jua huijaza betri ya gari mchana, na chaja nyingi za lithiamu hukubali kupokea umeme kutoka kwake. Kazi hiyo hufanywa kivulini, juu ya sakafu tupu au mchanga, mbali na mikeka na makuti, na mtu hakosi kuwapo mpaka ikome. Betri isiyotumiwa kwa siku nyingi huwekwa na volti 3.8 hivi katika kila seli. Iliyovimba haichajiwi tena, wala haitobolewi.