Ukwato na Ardhi: Mwendo wa Punda na Farasi wa Masafa
(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza umbo la ukwato. Leo, inshallah, tutazame namna unavyokutana na ardhi, kwani hapo ndipo ila nyingi za mwendo huanzia.

Watu wa pwani waliipambanua miendo ya mnyama kwa majina: telki, matiti na shoti. Atakaye kuutambua mguu mgonjwa na autazame katika matiti, mahali pagumu palipo sawasawa, kwa sababu mnyama aumwaye mguu wa mbele hukiinua kichwa kila ukanyagapo mguu ule, na hukiinamisha ukanyagapo ulio mzima.

Mguu salama hutua kisigino kwanza, au unyayo wote kwa pamoja, hata ile nyama laini ya nyuma ikapokea kishindo kabla hakijapanda mifupani. Lakini ncha ikiachwa kurefuka, nao ukwato hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, mguu huchelewa kubanduka, kano za nyuma huvutika kupita kiasi, mnyama hujikwaa, na safari ikiwa ndefu ukwato wa nyuma huugonga wa mbele usiowahi kuondoka. Na aumwaye kisigino hutanguliza ncha na kufupisha hatua, bwana wake akamdhania mvivu, akamzidishia fimbo.

Farasi wa mashindano ya masafa, ambayo makubwa yake hufika kilomita 160 kwa siku moja, hukaguliwa na madaktari njiani, na achechemeaye hutolewa. Punda avutaye mkokoteni wa viazi huku Mau Narok hana mkaguzi ila mwenyewe. Tena mtihani wake ni mzito, kwani asili yake ni nchi kavu za Unubi na Somalia, na ukwato wake hunyonya maji upesi. Katika miinuko hii ipitayo mita 2,500, yenye baridi na matope, hulainika na kuoza, kisha ukakutana na mawe ya barabarani.

Basi, ndugu zangu wenye punda, ondoeni udongo kwatoni kila jioni, mlazeni mnyama pakavu, na kila baada ya majuma 6 hadi 10 mwiteni mjuzi wa kisu na tupa amsawazishe. Na punda akikawia njiani, wekeni fimbo chini, mwinueni mguu, mkautazame. Huenda anawaambia jambo la haki.