Mhubiri Yuko Hewani, Kusanyiko Liko Kigangoni

Mnamo tarehe 18 Juni 2021 Serikali ya Kenya ilizitaja kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na sehemu jirani za Bonde la Ufa kuwa eneo la hatari ya korona, na Homa Bay na Migori zilikuwa miongoni mwake. Kafyu ikawekwa kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, mazishi yakatakiwa yakamilike ndani ya saa 72, na ibada za ana kwa ana zikasimamishwa kwa siku 30. Kwa waumini wa kaunti hizi mbili hilo lilikuwa pigo la pili, kwa kuwa nyumba zote za ibada nchini zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020, zikafunguliwa Julai mwaka huohuo kwa masharti kwamba ibada isizidi saa moja, waumini wasizidi 100, na watoto walio chini ya miaka 13 pamoja na wazee waliopita miaka 58 wabaki nyumbani. Ndipo swali ambalo hapo awali liliwahusu wagonjwa na wasafiri peke yao likawa la kila nyumba: je, anayemwabudu Mungu kwa kusikiliza redio au kutazama simu amehudhuria kanisani, au amesikiliza tu habari za kanisa?

Swali hilo halijibiki mpaka yatenganishwe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Imani ni tegemeo la moyo kwa Mungu, nayo haihitaji paa wala benchi. Ibada ni tendo la kumpa Mungu heshima kwa sala, nyimbo, neno na sadaka, na tendo hilo mtu aweza kulifanya akiwa peke yake shambani. Kanisa, kwa maana yake ya asili katika mafundisho ya Kikristo, ni watu waliokusanyika kwa jina la Kristo, na jengo limeitwa kanisa kwa sababu tu watu hao hukutana humo. Kufuli za mwaka 2020 na 2021 hazikumnyang'anya mtu yeyote wa Kendu Bay kule Homa Bay au Awendo kule Migori imani yake, na hakuna fundisho la Kikristo lisemalo kwamba Mungu hasikii sala ya mtu aliyeshika simu. Kilichofungiwa nje ni kusanyiko. Makala haya yanashikilia kwamba kusanyiko ndilo lililoujenga Ukristo wa kusini mwa Nyanza, kuliko hata mhubiri, na kwamba ibada ya mbali humleta mhubiri bila kulileta kusanyiko.

Historia inaunga mkono hoja hiyo. Waadventista Wasabato, yaani Wakristo wanaoitunza Jumamosi kuwa siku ya ibada, walifika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906 wakiongozwa na Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, akiwa pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, nchi iitwayo Malawi leo. Kufikia 1913 kituo hicho kilikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na neno likaanza kwenda mahali ambapo mmisionari mwenyewe hangeweza kufika kwa miguu. Huo ulikuwa, kwa kweli, ujumbe wa mbali, kama zilivyokuwa nyaraka za Mtume Paulo zilizotumwa kwa makanisa ya Korintho na Filipi. Hata hivyo karatasi hizo, sawa na nyaraka za Paulo, zilisomwa kwa sauti mbele ya watu walioketi pamoja, wengi wao wakiwa hawajui kusoma, kiasi kwamba ujumbe uliotoka mbali uliwakusanya watu badala ya kuwatawanya.

Upande wa Wakatoliki mambo yanaonekana waziwazi zaidi. Jimbo Katoliki la Homa Bay, lililomegwa kutoka Jimbo la Kisii mwaka 1993, linazihudumia kaunti zote mbili, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,131,950 Homa Bay na 1,116,436 Migori. Jimbo hugawanywa kwa parokia, na kila parokia ina vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini ambayo hayana padre wa kukaa. Padre akiwa na vigango vingi, kila kimoja humpata kwa zamu, pengine mara moja kwa mwezi, na Jumapili zilizobaki huongozwa na katekista, ambaye ni mlei aliyefundishwa kazi ya kuwaongoza waumini na kuwatayarisha wakatekumeni kwa ubatizo. Yeye huyasoma masomo ya siku, hutoa mafundisho mafupi, huongoza maombi ya waumini, na pale ambapo hostia, yaani mkate wa ekaristi, zimehifadhiwa na yeye amepewa ruhusa, hugawa komunyo. Maana yake ni kwamba Mkatoliki wa kijijini amezoea tangu utoto wake kuwa na kusanyiko bila padre. Mwaka 2020 alipewa kinyume chake, yaani padre bila kusanyiko, na hapana shaka kwamba wengi walihisi tofauti hiyo kabla ya kuweza kuieleza.

Tofauti yenyewe inaonekana hasa katika sehemu ya ibada ambayo wataalamu wa liturujia hawaiandikii vitabu, nayo ni matangazo. Baada ya sala ya mwisho, kabla ya baraka, mwenyekiti wa kigango au katibu wake husimama na kipande cha karatasi. Husema nani amelazwa hospitalini na ni wodi gani, nani amefiwa na matanga yako wapi, ni jumuiya gani itakayofagia kanisa wiki ijayo, kijana yupi ameitwa shule ya sekondari na bado hajapata karo. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, yaani vikundi vya majirani wanaosali pamoja nyumbani kwa zamu, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, huyapokea matangazo hayo kama maagizo ya kazi: kufikia Jumatano mgonjwa amekwisha kutembelewa na unga umepelekwa. Misa inayorushwa kutoka Nairobi au Roma ina masomo yaleyale na sala zilezile, na kwaya yake pengine ni nzuri kuliko ya kigango, lakini haiwezi kutangaza kwamba mama fulani wa Ndhiwa hajaonekana kwa Jumapili mbili. Hapo hakuna fundi mitambo awezaye kusaidia, kwa sababu pengo lenyewe ni la kutojulikana.

Kwa Wasabato, ambao makanisa yao pia hupangwa kwa mitaa, yaani makanisa kadhaa chini ya mchungaji mmoja huku kila kanisa likiongozwa na wazee wake, kuna tendo moja linaloionyesha mipaka ya ibada ya mbali kuliko hoja yoyote. Kwa kawaida kila robo ya mwaka, kabla ya kuijongea Meza ya Bwana, waumini hutawadhana miguu kwa kuufuata mfano wa Yesu na wanafunzi wake. Mashemasi wa kiume na wa kike hutayarisha mabeseni, maji na taulo. Wanaume huenda upande wao na wanawake wao. Mmoja huketi akavua viatu, mwenzake hupiga magoti, humwosha, humfuta, kisha hubadilishana nafasi na kuomba pamoja. Ndipo hurudi kwa mkate usiotiwa chachu na maji ya zabibu yasiyochachuka. Mafundisho ya kanisa huwahimiza waliokosana wapatane kabla ya kufika mezani, na mara nyingi beseni ndilo linalowakutanisha wawili ambao hawajasemezana kwa miezi. Mtu aweza kusikiliza hotuba ya mchungaji kwa redio na asikose neno lolote, ila hakuna awezaye kuoshwa miguu na redio, wala kumpigia magoti adui yake kwa njia ya simu.

Legio Maria, kanisa lililozaliwa miongoni mwa Wajaluo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa uongozi wa Simeo Ondetto na Gaudencia Aoko, linakwenda mbali zaidi, kwa kuwa kwake hata mahali penyewe ni sehemu ya imani. Mlima Got Kwer ulioko Migori, alikozikwa Ondetto baada ya kufariki mwaka 1991, ni mahali pa hija, na mahujaji hupanda wakiwa wamevaa kanzu, miguu mitupu, rozari mkononi. Uponyaji wao hutumia maji ya baraka na kuwekewa mikono. Picha ya mlima huo kwenye simu haiwezi kuchukua nafasi ya safari.

Hayo yote hayafuti wema wa ibada ya mbali, na wanaoibeza hawawatendei haki wanaoitegemea. Muuguzi wa zamu ya usiku, mzee aliyepooza, mvuvi wa omena aliyekesha ziwani na kurudi alfajiri, mama aliyejifungua juzi: hawa wote ni waumini, na sauti ya sala kutoka Ramogi FM au Mayienga FM kwa lugha yao ya Dholuo ni chakula halisi cha roho. Mtoto wa Rongo anayefanya kazi Marekani hutazama mazishi ya bibi yake kupitia simu ya binamu, na machozi yake si ya mfano. Lakini vyombo vyenyewe havijagawanywa sawa. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kote nchini ni asilimia 47.3 tu ya watu wenye umri wa miaka 3 na zaidi waliokuwa na simu ya mkononi, na asilimia 22.6 tu waliokuwa wametumia intaneti, huku vijijini hali ikiwa duni kuliko mijini. Mwenye simu ndogo ya kabambe hawezi kutazama ibada mubashara, na mwenye simu kubwa huenda hana bando siku ya Jumapili. Kwa hiyo kanisa la mtandaoni, likiachwa peke yake, lingewabagua waliokuwa nguzo za kanisa la kijijini, yaani akina bibi wenye redio ya betri.

Viongozi wa Kanisa Katoliki waliyapima mambo haya mapema. Hati ya Vatikano ya mwaka 2002 kuhusu Kanisa na intaneti ilikubali kwamba mtandao ni njia njema ya kufundisha na kuwafikia watu, ikasema pia kwamba hakuna sakramenti mtandaoni. Na sakramenti, kwa wasiozoea neno hilo, ni ishara takatifu inayogusika, kama maji ya ubatizo au mkate wa ekaristi, ambayo huleta neema inayoiashiria. Kwa aliyezuiwa kufika kuna komunyo ya kiroho, yaani sala ya kumtamani Kristo moyoni wakati mtu hawezi kumpokea katika mkate. Papa Fransisko mwenyewe, ambaye Misa zake za asubuhi zilirushwa duniani kote wakati wa korona, alionya tarehe 17 Aprili 2020 kwamba hali ile ilikuwa ya dharura na kwamba Kanisa halipaswi kubaki humo.

Liko jambo jingine ambalo wapenzi wa kusanyiko hawana budi kulikubali: kukaa pamoja hakumwokoi mtu na uongozi mbaya. Aprili 2025 polisi walivamia makazi ya kanisa moja katika kijiji cha Opapo, karibu na Rongo, wakawakuta zaidi ya watu 50 wakiishi humo na wengine wamekwisha kuzikwa ndani ya ua. Kwa upande mwingine, wafuasi wa mhubiri mmoja waliofia katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, walikuwa wametoka pembe nyingi za nchi, na mahubiri yaliyowavuta yalikuwa yamepita katika televisheni na intaneti. Jambo linalowaunganisha wa Opapo na wa Shakahola ni kutenganishwa na majirani zao. Kusanyiko salama ni lile ambalo mlango wake uko wazi, mahesabu yake husomwa mbele ya watu, na muumini hurudi kwake jioni akala na ndugu zake wasiosali naye.

Hata sadaka inapimwa vivyo hivyo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 imekuwa rahisi kumtumia mhubiri wa mbali zaka, yaani sehemu ya kumi ya mapato, naye akaipokea bila kujua kwamba paa la kigango cha mtoaji linavuja. Pesa ikienda mbali, kanisa la karibu hunyauka, na siku ya msiba mhubiri yule hatakuja kuchimba kaburi wala kusimama na wafiwa.

Ukomo wa idadi ya waumini ibadani uliondolewa Machi 2022, na makanisa ya Migori na Homa Bay yamejaa tena. Lakini wapo ambao hawakurudi, si kwa kupoa imani, bali kwa sababu miguu ilichoka katika miaka ile miwili na hakuna aliyekuja kuuliza. Hao wasihesabiwe kuwa wamehudumiwa kwa kuwa tu redio yao inasikika. Kila mzee wa kanisa na kila mwenyekiti wa jumuiya aandike majina yao, na baada ya ibada, kabla watu hawajatawanyika, wachaguliwe wawili au watatu wa kwenda nyumbani kwao siku hiyohiyo, wakiwa na Biblia, wimbo, na habari zote za matangazo.