MKATABA WA HALI BORA KATIKA USAFIRI: MAANA YAKE KWA VYAMA VYA MSINGI

Kahawa ya mkulima wa Bukoba au Muleba ikishatoka kibanjani hupita katika mikono mingi. Hutoka ghala la chama cha msingi kwa lori, hufika kiwandani kukobolewa, kisha huanza safari ya zaidi ya kilomita 1,300 hadi bandari ya Dar es Salaam. Katika kila hatua yupo mfanyakazi wa usafiri: dereva, utingo, mpakiaji au baharia. Wafanyakazi hao wakigombana na waajiri wao, hasara haiishii kwao. Humfikia mkulima pia. Kwa sababu hiyo, makatibu na wanachama hawana budi kuelewa jinsi mapatano ya kazi yanavyofanyika.

Historia kwa Ufupi

Mwaka 1960 chama cha wafanyakazi Waafrika wa reli ya Tanganyika, ambacho Katibu Mkuu wake alikuwa Kasanga Tumbo, kiliendesha mgomo uliodumu siku 82. Mwajiri alikuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ambalo ndilo lililoendesha pia meli za Ziwa Viktoria.

Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1962 iliubana sana uwezo wa kugoma. Mwaka 1964 vyama vyote vya wafanyakazi vilivunjwa, kikaundwa chama kimoja, NUTA, ambacho nafasi yake ilichukuliwa na JUWATA mwaka 1978. Washirika wanaielewa hali hiyo vyema, kwani vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Uhuru wa wafanyakazi kuunda vyama vyao wenyewe ulirudishwa na sheria ya mwaka 1998.

Migomo ya Mwaka 2015

Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi waliegesha magari yao, na kituo cha Ubungo kikajaa abiria wasio na usafiri. Mwanzoni mwa Mei wakagoma tena. Walilalamikia sharti la kurudi mafunzoni kila wanapotaka kuhuisha leseni, lakini kilio kikubwa kilikuwa kukosa mikataba ya ajira ya maandishi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Mizengo Pinda, aliunda kamati ya kushughulikia matatizo ya usafiri wa barabara.

Dereva asiye na mkataba hulipwa kwa safari au kwa siku. Akiugua, hana malipo. Tajiri akimchoka, humnyang'anya ufunguo wa gari. Dereva wa namna hiyo hulazimika kukimbiza gari na kukesha barabarani, kwa kuwa mapumziko kwake ni njaa. Mzigo wa kahawa na roho za abiria huwa hatarini pamoja naye.

Jinsi Mapatano Yanavyofanyika

Kwa Tanzania Bara, utaratibu umewekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Hatua zake ni hizi:

1. Kutambuliwa. Chama kilichoandikishwa, chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi linalohusika, humwandikia mwajiri kikitaka kitambuliwe kuwa msemaji pekee wa kundi hilo. Mwajiri hutakiwa kukutana nacho katika muda wa siku 30.

2. Kujadiliana kwa nia njema. Mwajiri hutakiwa kutoa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana. Chama nacho hakipaswi kutoa madai yasiyo na msingi.

3. Kuandika na kutia sahihi. Mapatano yakiisha kutiwa sahihi na pande zote huwa mkataba wa hali bora, na nakala yake hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Mkataba huo humfunga mwajiri pamoja na wafanyakazi wote wa kundi hilo, hata wale ambao si wanachama.

4. Usuluhishi. Pande mbili zikishindwa kuelewana, mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo hupewa siku 30 za kusuluhisha, isipokuwa pande zenyewe zimekubaliana muda mwingine.

5. Mgomo. Usuluhishi ukishindikana, chama hupiga kura. Wengi wa waliopiga kura wakiafiki, mwajiri hupewa taarifa ya saa 48. Anayegoma kwa kufuata utaratibu huo hawezi kufukuzwa kazi kwa sababu ya kugoma, lakini mwajiri halazimiki kumlipa mshahara wa siku hizo.

Ieleweke kwamba mkataba wa hali bora hujengwa juu ya sheria, wala hauwezi kushusha haki zilizokwisha kuwekwa. Sheria inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Chama huanzia hapo kudai zaidi: posho ya safari, malazi ya njiani, bima, na dereva wa pili katika safari ndefu.

Funzo kwa Vyama vya Msingi

Kwanza, chama cha msingi ni mteja wa usafiri. Chama kinapokodi lori kwa bei ya chini kupita kiasi, kijiulize ni nani anayeibeba tofauti hiyo. Mara nyingi ni dereva. Inafaa kamati imuulize mwenye gari kama dereva wake ana mkataba, na kupanga muda wa kupakia usiomlazimisha mtu kuendesha usiku kucha.

Pili, chama cha msingi ni mwajiri. Katibu, karani wa mizani, mlinzi wa ghala, wote wanalindwa na sheria hiyo hiyo. Ni aibu kwa ushirika, uliozaliwa ili mkulima asipunjwe na mchuuzi, kumweka mlinzi miaka mingi bila karatasi ya mkataba. Kila kamati yapasa kukagua majalada yake na kusahihisha kasoro kabla ya msimu wa ununuzi kuanza.

Tatu, ushirika na chama cha wafanyakazi ni ndugu. Mkulima mmoja hawezi kupanga bei ya kahawa, na dereva mmoja hawezi kupanga mshahara wake. Wote wawili hupata sauti kwa kuungana, na wote wawili huipoteza viongozi wanaposahau kuwasikiliza wanachama.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Lakini umoja hauna budi kuandikwa, kutiwa sahihi na kutimizwa, kwani ahadi ni deni.