Viti Thelathini vya Garissa: Maelezo ya Bunge la Kwanza la Kaunti

Mtu akifika mjini Garissa kutoka Modogashe au Hulugho, ana shauri la kisima kilichokauka, au la zahanati isiyo na dawa, au la shule ya sekondari isiyo na walimu, swali lake la kwanza huwa ni hili: Niende kwa nani? Swali hilo si dogo. Mwenye shauri akibisha mlango usio wake hupoteza nauli na siku, na pengine hurudi kwake akiamini kwamba Serikali haina masikio. Kwa sababu hiyo twapenda kueleza hapa jinsi Bunge la kwanza la Kaunti ya Garissa lilivyokuwa, toka mwaka 2013 hata mwaka 2017: ni nani waliokaa ndani yake, ni nani walioliongoza, lilikuwa na uwezo gani, na uwezo gani halikuwa nao. Utaratibu ulioanza wakati ule ndio uliofuatwa na mabunge yaliyokuja baadaye. Kwa hiyo mwenye kulifahamu lile la kwanza hatapata taabu kuyafahamu mengine.

KWANZA, HABARI ZA VITI VITUPU

Ili mtu ajue thamani ya kiti, yafaa akumbuke wakati viti vilipokuwapo na hapakuwa na wa kuvikalia. Kenya ilipokaribia uhuru, nchi iligawanywa katika majimbo saba, na kila jimbo likaandikiwa Baraza lake la kutunga sheria. Nchi iliyoitwa zamani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikatwa, na wilaya za Garissa, Wajir na Mandera zikawa Jimbo la Kaskazini Mashariki. Lakini Wasomali wengi wa huko hawakutaka jimbo. Walitaka kuungana na Jamhuri ya Somalia. Shauri lao lilikwisha kupelekwa London mwaka 1962, katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, na mwaka ule ule tume ya watu wawili iliyotumwa kuuliza maoni ya wenyeji ilikuta kwamba hayo ndiyo matakwa ya walio wengi miongoni mwao. Serikali ya Uingereza haikuwakubalia.

Basi uchaguzi wa Mei 1963 ulipofika, wao waliususia. Seneti mpya ilikuwa na viti 41. Vitatu katika hivyo, yaani cha Garissa, cha Wajir na cha Mandera, vilibaki vitupu. Viti vya jimbo hilo katika Baraza la Wawakilishi navyo havikupata watu, wala Baraza la Jimbo lenyewe halikupata wajumbe kwa kura ile.

Haifai kusema kwamba watu wale hawakujali mambo yao. Kususia kwao ndiko kulikokuwa kauli yao. Lakini wahenga walisema, Asiyekuwapo na lake halipo. Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa katika jimbo hilo, mapigano yakafuata, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hata mwaka 1991. Mabaraza ya majimbo nayo yalipokonywa nguvu mwaka 1964, Kenya ilipokuwa Jamhuri, na baadaye yakafutwa kabisa. Kwa miaka mingi baada ya hapo wabunge wa Garissa walikwenda Nairobi, na nyumbani palikuwapo halmashauri za madiwani. Lakini mashauri makubwa yalikuwa mikononi mwa Mkuu wa Mkoa na Wakuu wa Wilaya, ambao walitumwa na Serikali, wala hawakuchaguliwa na mwananchi yeyote.

WAJUMBE WALIVYOPATIKANA

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 iliigawa Kenya katika kaunti 47, kila moja ikiwa na Gavana wake na Bunge lake. Tarehe 4 Machi 2013, miezi miwili tu pungufu ya miaka 50 tangu uchaguzi ule uliosusiwa, watu wa Garissa walisimama katika safu za kupiga kura. Kila mpiga kura alipewa karatasi sita: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mbunge, ya Mwakilishi wa Wanawake, na ya Mwakilishi wa Wadi. Ni karatasi ile ya mwisho iliyojaza Bunge la Kaunti.

Garissa ina maeneo bunge sita, nayo yamegawanywa katika wadi 30. Garissa Mjini ina wadi nne: Waberi, Galbet, Township na Iftin. Balambala ina tano: Balambala, Danyere, Jarajara, Saka na Sankuri. Lagdera ina sita: Modogashe, Benane, Goreale, Maalimin, Sabena na Baraki. Dadaab nayo ina sita: Dertu, Dadaab, Labasigale, Damajale, Liboi na Abakaile. Fafi ina tano: Bura, Dekaharia, Jarajila, Fafi na Nanighi. Ijara ina nne: Hulugho, Sangailu, Ijara na Masalani. Kila wadi ilitoa mjumbe mmoja. Hivyo mfugaji wa Liboi, karibu na mpaka wa Somalia, alikuwa na kiti kilicho sawa kabisa na kiti cha mwenye duka wa katikati ya mji. Wakimbizi wa kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, kwa kuwa si raia, hawakupiga kura.

Katika wadi hizo zote 30, mwaka 2013 hakuchaguliwa mwanamke hata mmoja. Hapo ndipo sheria ilipoingia. Katiba yasema kwamba watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili ya wajumbe wote. Msomaji na afanye hesabu: ikiwa wanaume ni 30, hapana budi wanawake wasipungue 15, ndipo jumla iwe 45 na wanaume wawe theluthi mbili barabara. Wanawake hao hawakuchaguliwa wadini, bali walitoka katika orodha za vyama, kila chama kwa kadiri ya viti kilivyopata. Tena wapo wajumbe wengine walioteuliwa kwa ajili ya vijana, walemavu na jamii zilizo chache. Mjumbe aliyeteuliwa ana haki ya kusema na ya kupiga kura sawasawa na aliyechaguliwa. Hata hivyo orodha ni njia ya kuponya upungufu tu. Siku wadi zenyewe zitakapowachagua wanawake, orodha hiyo itafupika yenyewe.

VIONGOZI WA BUNGE

Mkubwa wa Bunge la Kaunti ni Spika. Yeye huchaguliwa na wajumbe kwa kura, lakini si mmoja wao: sheria yataka awe mtu asiyekuwa mjumbe, ili aamue bila kupendelea. Ikitokea kwamba Gavana na Naibu wake wote wawili hawapo tena katika kazi, Spika ndiye anayeshika nafasi ya Gavana mpaka mwingine achaguliwe. Chini yake wapo Kiongozi wa Walio Wengi na Kiongozi wa Walio Wachache, na Karani wa Bunge ndiye atunzaye kumbukumbu na kupokea maombi ya wananchi.

Watu wengi huchanganya viongozi hawa na wengine wa Garissa waliochaguliwa siku ile ile. Bwana Nathif Jama Adam, Gavana wa kwanza, hakuwa mjumbe wa Bunge la Kaunti. Yeye alikuwa mkuu wa utendaji, na Bunge ndilo lililomwangalia. Bwana Yusuf Haji, aliyepata kuwa Mkuu wa Mkoa na baadaye Waziri wa Ulinzi, alikuwa Seneta, na kazi yake ilikuwa Nairobi, kuitetea kaunti katika ugawaji wa fedha. Alikaa katika kiti hicho hata alipofariki Februari 2021. Bibi Shukran Hussein Gure, Mwakilishi wa Wanawake, alikaa katika Bunge la Taifa. Bwana Aden Duale, mbunge wa Garissa Mjini, alikuwa Kiongozi wa Walio Wengi tangu mwaka 2013, lakini katika Bunge la Taifa, wala si la Kaunti.

KAZI YA BUNGE, KWA MFANO WA LAMBO

Kazi za Bunge la Kaunti ni tatu: kuwasemea watu, kutunga sheria za kaunti pamoja na kupitisha makadirio ya fedha, na kuwachunguza watendaji. Tutazieleza kwa mfano.

Tuseme wafugaji wa Benane wataka lambo la kunyweshea ngamia na ng'ombe. Kwanza huenda kwa Mwakilishi wao wa Wadi. Yeye hana mfuko wa kuchimbia lambo, na sheria yamkataza kuingia katika kazi ya utendaji. Akiahidi kulichimba kwa mkono wake mwenyewe, ameahidi asilo nalo. Alilo nalo ni sauti. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba lambo la Benane limeandikwa katika mpango wa maendeleo wa kaunti na katika makadirio ya mwaka. Makadirio hayo hupaswa kufikishwa Bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili kwisha, nayo hupaswa kupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni kwisha, kwani mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Basi mwenye shauri la maji anayefika mwezi wa Julai amechelewa, na yule anayefika Februari amekuja kwa wakati.

Fedha zikipitishwa, watu wa Gavana ndio wachimbao. Lambo lisipochimbwa, au likichimbwa mahali pasipokusanya maji, kamati ya Bunge yaweza kumwita waziri wa kaunti ajibu. Mswada ukipitishwa, Gavana hupewa siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha pamoja na sababu zake. Wajumbe wakiupitisha tena kwa theluthi mbili, husimama. Tena Bunge laweza kumshtaki Gavana mwenyewe kwa kosa kubwa, kwa theluthi mbili ya wajumbe, lakini hukumu hutolewa na Seneti.

MAMBO YALIYO NJE YA UWEZO WAKE

Zahanati, hospitali za kaunti, shule za watoto wadogo, maji, masoko ya mifugo, dawa za mifugo na barabara za kaunti ni mambo ya kaunti. Lakini shule za msingi na za sekondari pamoja na walimu wake, vyuo vikuu, polisi na ulinzi wa mipaka ni mambo ya Serikali ya Taifa.

Tofauti hiyo ilionekana kwa uchungu tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye silaha walipokivamia Chuo Kikuu cha Garissa, na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Huenda mtu akauliza: Wajumbe wa Garissa walikuwa wapi? Jibu ni kwamba Bunge la Kaunti halina askari hata mmoja, wala haliwezi kumwamuru afisa wa polisi. Liliweza kulia na wananchi, kujadili na kuisihi Serikali ya Taifa. Zaidi ya hapo sheria haikulipa. Ni vema jambo hili lijulikane, ili lawama iende panapostahili na madai yafike kwa mwenye kuyajibu.

MWISHO WA KIPINDI

Bunge lile lilikoma kwa uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017. Msomaji mwangalifu ataona kwamba haikutimia miaka mitano. Sababu yake ni kwamba Katiba imeweka uchaguzi Jumanne ya pili ya Agosti katika kila mwaka wa tano, na ule wa kwanza ulicheleweshwa hata Machi 2013. Katika uchaguzi wa 2017 Bwana Ali Bunow Korane alichaguliwa kuwa Gavana badala ya Bwana Nathif, na Bibi Sophia Abdi Noor akachaguliwa mbunge wa Ijara, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika eneo bunge lolote la Kaskazini Mashariki.

Sasa twaweza kumjibu yule mgeni wetu. Kwa kisima na kwa zahanati, na aende kwa Mwakilishi wa Wadi yake. Kwa walimu wa sekondari, kwa Mbunge wake wa Taifa. Akitaka, aweza kupeleka ombi lake Bungeni kwa maandishi, na kwa Kiswahili, kwani Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Tena Katiba yaagiza kwamba Bunge la Kaunti likutane hadharani. Ndani ya jumba lake mna viti vya wajumbe, na mna viti vya wasikilizaji. Vile vya kwanza hupatikana kwa kura au kwa kuteuliwa. Vya pili havihitaji kura, ila mtu kuja na kukaa. Siku ya kujadili makadirio, visiachwe vitupu.